Swali la Saba

Mgeni alikuwa afike Alhamisi saa nne asubuhi, na hadi Jumanne jioni Shamsa alikuwa hajapata ujasiri wa kumwambia Mzee Mbaruk kwamba safari hii angemweleza mgeni mambo yalivyo.

Si kwamba Mzee Mbaruk alikuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Alifungua duka la simu Mtaa wa Aggrey pale pale ambapo baba yake aliuza vitambaa, na katika miaka tisa ambayo Shamsa alimsimamia duka hilo hakuwahi kumfokea mbele ya mteja wala wakiwa wawili tu. Mtu wa namna hiyo ni kazi kumpinga. Unafungua mdomo, unaona anavyokusikiliza, unajikuta umemuuliza kama amekunywa chai.

Duka liliuza simu za kampuni moja tu, Pelira. Kuna wakati jina hilo lilitosha. Mwaka ambao Shamsa alianza kazi, foleni ilitoka mlangoni ikafika kwa muuza mabegi wa jirani. Kijana akinunua Pelira aliiweka mezani kifudifudi, makusudi, ili alama ya buluu mgongoni ionekane. Simu ikidondoka kwenye sakafu ya saruji iliokotwa nzima. Chaji ilikaa siku mbili. Wauza mitumba wa Mchikichini waliinunua kwa sababu haikuogopa vumbi, na walimu waliinunua kwa sababu herufi zake zilisomeka bila miwani.

Pelira haikuanguka sokoni kwa siku moja. Dar mtu ana laini mbili, wengine tatu: moja ya kuzungumza na mama aliye kijijini ambako mtandao unaoshika ni mmoja tu, nyingine ya bando la bei nafuu, nyingine ya kupokelea pesa. Kampuni nyingine ziliona hilo zikaleta simu zenye nafasi ya laini mbili, nafasi ya memori kadi, na kamera isiyoigeuza sura nyeusi kuwa kivuli chenye meno. Pelira ilibaki na laini yake moja. Tena haikutaka fundi wa kawaida aifungue. Skrubu zake zilikuwa za aina yake, na kioo kikipasuka ilibidi kiagizwe ng'ambo kwa maombi ya maandishi. Mwenye simu ya kampuni nyingine alitembea hatua thelathini tu hapo Aggrey, akakaa kwenye kigoda cha fundi, akabadilishiwa kioo kabla chai haijapoa. Mwenye Pelira alisubiri wiki sita. Hakugomba. Alisema sawa dada, nitapita, na hakupita tena.

Mwezi uliotangulia duka liliuza simu kumi na moja. Duka jingine la simu hapo jirani liliuza idadi hiyo kwa siku moja, kabla ya adhuhuri.

Ndipo ulipokuja ujumbe kutoka makao makuu. Bwana Osvald, mkuu wa mauzo wa ukanda wote, angepita Kariakoo kuona kwa macho yake, na baada ya hapo kampuni ingeamua kama duka liendelee au lifungwe. Shamsa aliusoma mara nne. Aliona mlango mmoja tu umebaki wazi: mtu huyu aelezwe kwa nini watu wamekimbia, akaeleze huko kwao, simu ya laini mbili itengenezwe, na duka lipone. Likifungwa, yeye angekuwa na miaka arobaini na mbili na ujuzi wa simu ambazo hazitakiwi na mtu. Fundi Abdulhamid, aliyekaa dirisha la matengenezo, alijua kufungua Pelira tu. Wasichana wawili wa kaunta walikuwa na watoto wadogo.

Jumatano, baada ya sala ya alasiri, alijilazimisha. Alimweleza Mzee Mbaruk taratibu, sababu moja baada ya nyingine, kama alivyozipanga kichwani usiku kucha. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Yote kweli," alisema. "Lakini mtu katoka huko kwao, kapanda ndege mbili. Afike tu, hajanawa hata uso, umpokee kwa lawama?"

"Si lawama, Mzee. Ni taarifa."

"Kwake yeye ni lawama, mwanangu. Simu ni yake." Akafikiri kidogo. "Haya, utasema. Ila ale kwanza. Na alikute duka limechangamka, lisiwe kama nyumba ya msiba."

Shamsa alirudi nyumbani na moyo mwepesi kidogo. Hakuuliza duka lingechangamkaje.

Alhamisi saa tatu na nusu alipofika alikuta hakuna pa kukanyaga. Duka lilijaa watu. Wanawake waliovaa mabaibui yaliyopigwa pasi walijipanga mbele ya kabati la vioo, wanaume wenye kofia za kutariziwa waliegemea kaunta, na kila mmoja alishika Pelira mpya, zile za maonyesho, ambazo Abdulhamid alikuwa anaendelea kuzigawa kutoka kwenye trei kwa uso wa mtu aliyeamrishwa. Shamsa aliwatambua mmoja mmoja. Walikuwa ndugu wa Mzee Mbaruk na wa mkewe, kutoka Buguruni, kutoka Ilala, wengine kutoka ng'ambo ya Kigamboni, waliovuka asubuhi na pantoni. Wamekuja kama watu wanavyokuja kwenye shughuli: jamaa yako ana mgeni, unakwenda kumjazia nyumba asione aibu. Hakuna aliyedhani anadanganya. Mrisho, mpwa wa Mzee, alimnong'oneza Shamsa kwamba wameambiwa simu zao wenyewe wazizime waziweke kwenye mikoba.

"Sasa hii inawashwa wapi?" aliuliza, akiigeuza Pelira mkononi. "Nisije nikaaibika."

Shamsa alimtazama Mzee Mbaruk. Mzee alikuwa mlangoni, kanzu yake nyeupe pee, anatabasamu kama baba wa bwana harusi. Hakukuwa na muda wa kusema lolote. Gari lilikuwa limeshasimama.

Bwana Osvald alikuwa mrefu, amechoka, shati limemganda mgongoni. Aliingia akasimama ghafla. Ilionekana wazi kwamba hakutegemea alichokiona. Alimpa Mzee mkono, akampa Shamsa mkono, kisha akaanza kupita katikati ya watu akiwapiga picha, na uso wake ukawa unafunguka kidogo kidogo. Alitaka kuzungumza na wateja. Shamsa akawa mkalimani, kwa Kiingereza alichojifunzia mwenyewe kwenye vijitabu vya maelekezo ya simu.

Osvald alimuuliza Mrisho anapenda nini kwenye Pelira. Mrisho akajibu kwamba inakaa na chaji, tena ni nzito, mtu anajua ameshika kitu. Alimuuliza mwanamke mmoja kama kuna kinachopungua. Mwanamke akasema hakuna, ipo vizuri, Mungu awabariki. Akauliza wa tatu, wa nne. Wote waliridhika. Shamsa alitafsiri kila neno kama lilivyosemwa, na kila alipotafsiri alihisi ule mlango mmoja unasogea kufungwa. Alikuwa ameahidiwa kusema baada ya chakula. Lakini baada ya chakula atasema nini, na mtu ameshajionea duka limejaa?

Alikuwa bado anawaza hilo ndipo mkoba wa Bi Mwanamkuu ulipoanza kuimba.

Bi Mwanamkuu alikuwa dada mkubwa wa mke wa Mzee Mbaruk, mama mtu mzima aliyeuza maandazi Buguruni na aliyezoea kusema na watu kumi kwa mpigo. Alikuwa amesahau kuzima. Mlio ulikuwa wa taarabu, wa juu kabisa, na yeye, kwa mazoea ya mikono, alimpa Mrisho ile Pelira amshikie, akatoa simu yake mkobani na kupokea.

"Nipo kwa shemeji, tunamjazia mgeni," alimwambia aliyempigia. "Nitakupigia. Hapana, tumia ile laini nyingine, hii haina salio."

Bwana Osvald aliitazama ile simu, simu ya bei ndogo, kioo kina ufa pembeni, kisha akamtazama Shamsa. Aliuliza kwa upole kwa nini mama huyu ana simu nyingine.

Shamsa alihisi macho ya Mzee Mbaruk shavuni mwake. Akamgeukia Bi Mwanamkuu.

"Mama, anauliza kwa nini unatumia hiyo."

"Nimwambie kweli, au nimwambie tulivyoambiwa?"

"Kweli, mama."

"Basi mwambie hivi. Hiyo yao nzuri, sikatai, nilikuwa nayo miaka minne. Lakini nikitaka kumpigia mwanangu Mtwara nitoe laini kwa pini, nikitaka kupokea pesa nirudishe laini kwa pini. Na mikono yangu ina unga. Siku moja laini ikadondokea kwenye mafuta ya moto. Ndiyo ikawa mwisho wa mimi na Pelira." Akafikiri. "Na picha. Mjukuu wangu alipiga picha ya harusi na hiyo Pelira, nikaonekana baibui linatembea lenyewe."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Shamsa alitafsiri. Hakupunguza chochote, hata mafuta, hata baibui. Aliposhika njia hakusimama. Aliendelea kwa maneno yake mwenyewe: skrubu, wiki sita za kusubiri kioo, memori inayojaa kwa wiki moja, watu wasiogomba bali wanaondoka. Na mwisho akasema kwamba hawa wote si wateja, ni ndugu wa Mzee, wamekuja kwa heshima yake yeye mgeni.

Mzee Mbaruk hakujua Kiingereza kingi, lakini alielewa. Alishika ukingo wa kaunta.

Bwana Osvald naye hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Shamsa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akafungua kompyuta yake mapajani, akamwita asogee.

Kwenye kioo kulikuwa na fomu. Shamsa aliitambua kabla hajaisoma. Ilikuwa fomu ya kila mwezi, maswali tisa, ambayo duka lilitakiwa kujaza na kutuma makao makuu. Osvald alishusha, ikaja nyingine, na nyingine, miaka tisa ya fomu, zote zimeandikwa Kariakoo, zote zina jina la Shamsa chini. Alisimamisha kidole kwenye swali la saba: je, wateja wanaomba kitu ambacho simu zetu hazina? Hapana. Akashusha. Hapana. Wateja wameridhika. Hapana. Hakuna malalamiko, tunashukuru.

"Kariakoo ndilo duka letu kubwa kuliko yote ya ukanda huu," alisema Osvald, polepole, ili amwelewe. "Miaka sita iliyopita nilisimama kwenye kikao nikasema Afrika Mashariki wanataka laini mbili. Wakaniambia nilete ushahidi. Nilizisoma fomu zako usiku mzima. Nilitafuta hata moja."

Shamsa alikumbuka. Mwezi wake wa kwanza kazini alikuwa ameandika kweli kwenye swali hilo, mistari minne: laini, kioo, memori, picha. Mzee Mbaruk aliisoma kabla haijatumwa, akaiweka mezani taratibu, akasema, "Tunakula kwao, halafu tunawasema?" Naye aliona aibu, aibu ya mtu aliyelelewa kutosema kasoro ya chakula cha watu. Akafuta. Lakini hakutaka kumtupia Mzee lawama zote. Mzee alisema mara moja tu. Zile fomu nyingine zote, zaidi ya mia, alizijaza mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Kila mwezi makao makuu walijibu hongera Kariakoo, wakatuma kalenda, wakatuma cheti chenye jina lake, na alikitundika sebuleni kwake. Alijua jibu la kweli kila mwezi. Aliandika lile lililo zuri kusomwa.

Shamsa alimuuliza Osvald kama sasa kuna la kufanya.

Osvald alifunga kompyuta. Alimweleza kwamba hakuja kukagua. Alikuja kuwaambia, baada ya chakula, kwamba duka litafungwa mwisho wa mwezi ujao, pamoja na mengine yote ya ukanda. Lakini alipoingia na kuona watu wale, aliwaza kwamba huenda hesabu za makao makuu zimekosea, na kwa nusu saa alikuwa anapanga kichwani atakavyowapigia simu awasihi wasubiri.

"Nusu saa," alirudia, na hakuongeza kitu.

Kwa hiyo nusu saa hiyo Shamsa ndiye aliyeiua. Alilipima jambo hilo pale pale aliposimama, kwa utulivu ambao baadaye ulimshangaza, na hakujua kama alikosea. Duka lililookolewa kwa watu wa kuazima lingeishi kwa muda gani? Mwezi? Miezi mitatu? Lakini miezi mitatu ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Alishindwa kuamua. Akamuuliza Osvald swali moja tu: kama angeandika sasa hivi yote, akampa aondoke nayo, ingesomwa?

Kikao kilikuwa Jumatatu, alisema. Angeisoma yeye mwenyewe mbele yao. Hakuahidi zaidi.

Shamsa alichukua daftari. Chakula kilikuja, sinia za biriani zikawekwa kwenye kaunta juu ya magazeti, na wakati watu wanakula aliwapitia mmoja mmoja na kuwauliza upya. Sasa walisema wote kwa pamoja. Mrisho alisema yeye aliiacha Pelira kwa sababu ya redio. Kila simu ya mtaani ina redio, akisikiliza mpira anahitaji bando la nini? Mwanamke aliyewabariki alisema aliiuza baada ya kuzungushwa kioo miezi miwili. Abdulhamid aliacha kijiko akaandika mwenyewe ukurasa mzima wa spea alizoomba na tarehe zake, kwa mwandiko uliokuwa unakandamiza karatasi. Bi Mwanamkuu alidai jina lake liandikwe kamili, na kazi yake, na kwamba yuko tayari kupigiwa simu, laini yoyote kati ya mbili.

Mzee Mbaruk hakula. Alimkaribisha mgeni nyama, akamwongezea, akamshikia birika anawe. Zilipofika kurasa kumi na moja, Shamsa alimletea asaini. Alizifungua moja moja, ingawa miwani hakuwa nayo.

"Nilitaka tu asituone tumelala njaa," alisema.

"Najua, Mzee."

Akasaini zote, kila ukurasa, hata pale pasipohitaji.

Ijumaa ilipita. Jumamosi Shamsa alisafisha kabati la vioo mara mbili. Jumapili hakutoka nyumbani. Jumatatu alikaa na simu mkononi tangu kufungua hadi kufunga, na kila ilipolia ilikuwa jambo jingine: kifurushi chako kimekwisha, mama anauliza hali, namba isiyo sahihi. Jumanne hivyo hivyo. Wasichana wa kaunta walimwangalia kwa pembe ya jicho na hawakuuliza.

Jumatano saa nane barua pepe ilifika. Ilikuwa fupi. Taarifa ya Kariakoo ilisomwa yote. Kikao kilisema ni taarifa bora kuliko zote zilizowahi kutoka soko hilo, na kilisikitika kwamba haikuja mapema. Kiwanda kilichoweza kutengeneza simu ya laini mbili kilikuwa kimeuzwa mwaka uliopita. Uamuzi ulibaki pale pale. Chini kabisa Osvald aliongeza mstari wake mwenyewe: nilijaribu.

Shamsa alimsomea Mzee Mbaruk kwa Kiswahili, neno kwa neno. Mzee aliuliza hiyo barua imeandikwa kwa heshima? Akajibiwa ndiyo. Akatikisa kichwa, akatoka nje, akasimama mbele ya duka akitazama watu wanavyopita na mizigo kichwani, kama anayengoja mmoja wao ageuke aingie.

"Wamesemaje?" aliuliza Abdulhamid kutoka dirishani kwake.

Ilikuwa rahisi kumwambia wanaendelea kujadili. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni.

"Wamekataa. Tunafunga mwisho wa mwezi ujao. Na spea haziji tena."

Abdulhamid aliweka bisibisi chini. Kisha akauliza na hizi je, akionyesha rafu nyuma yake. Zilikuwepo Pelira kumi na nne za watu, zimefungwa kwa mipira, kila moja na kikaratasi cha jina na namba, zinasubiri vioo.

Shamsa alizichukua akazipanga kwenye kaunta kwa tarehe, ya zamani mbele. Ya kwanza ilikuwa ya Severa, muuza viatu vya mitumba Mchikichini, ililetwa wiki tisa zilizopita. Akapiga namba iliyoandikwa. Ilipokelewa katikati ya kelele za watu wanaopatana bei.

Alijitambulisha. Alisema kioo hakitakuja, wala si kwamba kimechelewa. Hakipo. Aje achukue simu yake kama ilivyo, au amtumie mtu.

Kelele za soko zilijaa kwenye simu.

"Dada, wiki iliyopita si ulinambia Jumatatu?"

"Nilikuambia."

"Na ile ya kabla yake?"

"Nayo nilikuambia."

"Ulikuwa unajua?"

Shamsa alishika ukingo wa kaunta.

"Nilikuwa najua," alisema. Akamsubiri Severa aseme atakalo, na Severa akasema yote, na yeye hakukata simu hadi alipomaliza. Kisha akachukua kikaratasi cha pili.